Logi za Ukuta wa Moto: Nusu Huandikwa na Ruta, Nusu ni Kazi ya Fundi

Tuanze na mstari wenyewe, maana mengi nitakayosema yamo ndani yake.

Mar 14 02:14:07 lango kernel: TELNET-NJE IN=eth0 OUT= MAC=00:00:5e:00:53:01:00:00:5e:00:53:fe:08:00 SRC=203.0.113.45 DST=198.51.100.7 LEN=40 TOS=0x00 PREC=0x00 TTL=241 ID=54321 PROTO=TCP SPT=40112 DPT=23 WINDOW=65535 RES=0x00 SYN URGP=0

Anwani zilizomo ni za mfano. Zimetengwa rasmi kwa ajili ya vitabu na mafunzo ili asitajwe mtu asiyehusika. Lakini sura ya mstari ni ile ile anayoiona fundi yeyote akifungua logi ya ruta inayoendeshwa na Linux. Mistari ya namna hii huingia usiku na mchana bila kukoma. Ruta ikishapewa anwani ya umma itabishiwa hodi, iwe imefungwa kwenye ofisi ya benki Nairobi au juu ya paa la ploti Makongeni, Thika.

Wapo wanaoiona mara ya kwanza wakadhani wamevamiwa, wakaanza kufunga poti moja baada ya nyingine hadi wapangaji wanashindwa kupiga simu za WhatsApp. Wapo waliokwisha kuizoea, wakazima uandikaji wa logi kabisa kwa sababu unajaza nafasi. Wote wawili wana tatizo moja: mstari wanauona, lakini hawana cha kuupima. Hoja yangu katika safu hii ni kwamba ruta huandika nusu tu ya habari. Nusu nyingine, yaani kanuni iliyouzalisha mstari iliwekwa na nani, lini, kwa sababu gani, na pakiti ilifanywa nini, haimo kwenye logi. Isipoandikwa na mtu siku kanuni inapowekwa, hakuna chombo cha kuirudisha.

Makongeni ni mahali pazuri pa kulitazamia jambo hili. Ukitoka mjini Thika kwa Barabara ya Garissa unakuta ghorofa zimefuatana, fezi baada ya fezi, na karibu kila ploti ina waya wa faiba ulioshuka kutoka kwenye nguzo. Anayeuza intaneti hiyo mara nyingi ni kijana mwenye ruta ya MikroTik, swichi kadhaa na namba ya M-Pesa ya kupokelea malipo ya siku, wiki au mwezi. Makumi ya nyumba hutoka nje kupitia anwani moja ya umma. Wapangaji humwita fundi wa Wi-Fi. Kwa kazi anayoifanya, yeye ni kampuni ya intaneti. Ndiye pekee anayeweza kujua ni nyumba gani ilikuwa mtandaoni saa ngapi, na likitokea neno ndiye atakayeulizwa.

Basi tuusome mstari kutoka kushoto. IN=eth0 inasema pakiti iliingia kwa mlango wa nje. OUT iliyoachwa tupu inasema pakiti ilikusudiwa ruta yenyewe, haikuwa ikipita kwenda kwa mpangaji. Baadaye tutaona mstari ambao OUT yake ina jina, na huo uzito wake ni mwingine kabisa. Inafuata MAC, ambayo urefu wake huwachanganya wengi. Ina baiti 14: sita za kwanza ni anwani ya kadi ya ruta yako, sita zinazofuata ni za kifaa kilichokukabidhi pakiti, na mbili za mwisho, 08:00, zinaonyesha kwamba kilichobebwa ni IPv4. Kifaa kilichokukabidhi pakiti ni ruta ya kampuni inayokuuzia intaneti, hatua moja tu kutoka kwako. Ripoti ikiandika kwamba "MAC ya mshambuliaji imepatikana" kwa kutazama sehemu hii, imekosea. MAC haivuki ruta. Ya mtumaji ilibaki kwenye mtandao wake.

SRC ni anwani ya anayedai kuwa mtumaji. Nasema anayedai kwa sababu pakiti ya kwanza ya TCP inaweza kubeba anwani ya kughushi, na mpokeaji hana njia ya kujua mpaka mazungumzo yakamilike. DPT=23 ni poti ya Telnet, huduma ya zamani ya kuingia kwenye mashine kwa mbali bila usiri wowote. SYN ni ombi la kufungua mazungumzo. Hayo mafundi wengi wanayajua.

Wanayoyaruka ni yale ya katikati, na hapo ndipo penye utamu. LEN=40 maana yake pakiti ina baiti 20 za kichwa cha IP na 20 za kichwa cha TCP, basi. Kompyuta ya kawaida ikifungua mazungumzo huongeza vipengele vya mapatano, kwa hiyo SYN ya Linux kwa kawaida huwa na baiti 60 na ya Windows baiti 52. SYN ya baiti 40 imetoka kwenye programu iliyoandikwa kutuma maombi mengi kwa haraka, bila nia ya kuzungumza. TTL=241 inakubaliana na hilo. Linux huanza na 64 na Windows na 128, na kila ruta njiani hupunguza moja. Huwezi kufika na 241 kama hukuanza na 255, yaani pakiti imepitia ruta 14. Kisha ID=54321. Namba iliyopangika hivyo haiji kwa bahati: ndiyo ambayo ZMap, programu iliyotolewa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 2013, ilikuwa ikiiweka kwenye kila pakiti yake. Watafiti hao walionyesha kwamba kompyuta moja yenye laini ya gigabiti inaweza kugonga anwani zote za IPv4 duniani kwa chini ya dakika 45. WINDOW=65535 nayo ni tabia ya programu hiyo hiyo.

Kwa hiyo mstari wetu, ukisomwa wote, hauonyeshi adui aliyeitafuta Makongeni. Unaonyesha chombo cha kupekua kilichokuwa kikipita dunia nzima, kikabisha hapa kama kilivyobisha kwingine. Kinaweza kuwa cha mtafiti au cha mwizi aliyeiga, maana yeyote anaweza kuweka ID anayoitaka. Hata hivyo fundi aliyeyasoma haya atalala. Fundi aliyesoma SRC na DPT peke yake atakesha akizuia anwani moja moja, na kesho yake zitakuja nyingine.

Sehemu za TOS, PREC, RES na URGP unaweza kuziacha katika kazi ya kila siku.

Sasa swali ambalo mstari haulijibu: pakiti hii ilizuiwa au ilipita? Rudi uusome tena. Hakuna neno linalosema. Katika iptables, ambayo imekuwa ndani ya Linux tangu toleo la 2.4 la mwaka 2001, amri ya LOG huandika tu, kisha pakiti huendelea hadi kanuni inayofuata. Kanuni hiyo ikiwa ni ya kuzuia, pakiti itazuiwa. Mtu akiwa ameingia juzi akabadilisha mpangilio, akaweka kanuni ya kuruhusu hapo katikati, pakiti itapita, na mstari wa logi utabaki vile vile herufi kwa herufi. MikroTik ina hali hiyo hiyo. Dokezo pekee ni lile neno la mwanzo, TELNET-NJE, ambalo fundi aliliandika mwenyewe. Je, lina maana ya Telnet inayotoka nje kuja kwetu, au ya kwetu inayokwenda nje? Imezuiwa, au imeandikwa tu kwa uangalizi? Aliyeliandika alijua. Akishahama kwenda kufanya kazi Ruiru au Juja, amehama na jibu.

Iptables inakupa herufi zisizozidi 29 za kuandika neno hilo la mwanzo. Ni chache, lakini zinatosha ukizitumia kwa nidhamu. Mimi hushauri mambo matatu yawemo: namba ya kanuni, uamuzi, na jina fupi. "K014 ZUIA TELNET-INGIA" ina herufi 22. ZUIA inakuambia kilichotokea, nayo K014 inakupeleka kwenye daftari ambamo kanuni ya 14 imeelezwa kwa ukamilifu. Na uamuzi huo uandikwe kwenye mstari wa LOG uliokaa moja kwa moja juu ya kanuni ya kuzuia, bila kitu chochote katikati. Kanuni ikibadilishwa, neno la mwanzo nalo libadilishwe muda huo huo.

Kabla ya kufika kwenye daftari, nieleze tahadhari mbili kuhusu mistari inayoogopesha bure na ile inayopaswa kuogopesha.

Inayoogopesha bure ni ya aina hii: SPT=443, DPT namba kubwa kama 51422, na alama za ACK RST au ACK FIN mwishoni. Fundi anaona anwani ya kampuni kubwa ya Marekani "ikishambulia" poti 51422 ya mpangaji. Kilichotokea ni kwamba mpangaji alifungua tovuti, akaifunga au simu yake ikalala, ruta ikaifuta safari hiyo kwenye kumbukumbu zake, kisha seva ikatuma kwaheri iliyochelewa. Ruta haimkumbuki tena anayeagwa, ikaiandika kama pakiti isiyo na mwenyewe. Mistari hii ni mingi mno kwenye mitandao ya simu za mkononi, na ikiripotiwa kama mashambulizi inaharibu jina la fundi mbele ya kampuni anayonunua intaneti kwake. Dawa yake ni kuizuia bila kuiandika, na kuandika kwenye daftari kwamba umefanya hivyo kwa makusudi.

Inayopaswa kuogopesha ni hii:

IN=br0 OUT=eth0 SRC=10.5.0.87 DST=203.0.113.9 LEN=40 TTL=63 PROTO=TCP SPT=40977 DPT=23 SEQ=3405803785 ACK=0 SYN

Nimeufupisha, lakini tazama: OUT ina jina. Pakiti inatoka ndani ya ploti kwenda nje kubisha Telnet ya mtu mwingine. TTL ni 63, yaani ilianza na 64 na imevuka ruta moja tu, nayo ni yako. Kifaa kipo humo humo kwenye jengo. Na ile SEQ, inayoonekana tu ukiwa umeiagiza iptables iandike namba za mfuatano, ibadilishe kuwa anwani: 203 mara 16,777,216, kisha 113 mara 256, kisha jumlisha 9. Unapata 3,405,803,785, yaani 203.0.113.9, anwani ile ile ya DST. Kompyuta ya kawaida huchagua namba ya mfuatano kwa nasibu. Kuiweka sawa na anwani inayogongwa ni alama ya Mirai, programu hasidi iliyojulikana mwaka 2016.

Mirai iliingia kwenye kamera za CCTV, mashine za DVR na ruta za nyumbani kwa kujaribu orodha ya majina na nywila za kiwandani zipatazo 60. Watafiti waliokuja kuichunguza walikadiria kwamba ilipofika kileleni ilikuwa na vifaa 600,000 mikononi mwake. Tarehe 21 Oktoba 2016 ilitumiwa kuiangusha kampuni ya Dyn, na tovuti kubwa za Marekani zikapotea kwa saa kadhaa. Msimbo wake ulikuwa umeshamwagwa hadharani wiki tatu nyuma, ndiyo maana wajukuu wake wangali wanazunguka. Duka la vifaa vya ujenzi lililo chini ya ghorofa, lenye DVR ya bei nafuu na nywila ya kiwandani, ni mwenyeji anayefaa kabisa. Mwenye duka ataona picha zake za kamera kama kawaida. Dalili zitaonekana kwenye logi ya ruta tu.

Ndiyo maana naamini mafundi wetu wanaandika upande usiofaa. Karibu ruta zote za mitaani nilizopata kuziona zinaandika yanayoingia na kunyamazia yanayotoka. Yanayoingia ni kelele za dunia nzima. Yanayotoka kwenda poti 23, 2323 au 25 ni habari za jengo lako mwenyewe, na ni machache kiasi cha kusomeka. Mwenye nafasi ndogo ya kuhifadhi logi aanze na hayo.

Kwa wenye MikroTik kuna poti moja ya kuongeza, 8291, inayotumiwa na programu ya Winbox. Mwaka 2018 iligunduliwa kasoro, iliyopewa namba CVE-2018-14847, iliyomwezesha mtu wa nje kusoma faili za ruta zikiwemo za nywila. Kampuni ilitoa marekebisho mwezi Aprili mwaka huo huo, lakini maelfu ya ruta duniani hazikusasishwa, na nyingi zikageuzwa kuwa vyombo vya kuchimba sarafu za kidijitali kwenye kompyuta za wateja. Poti 8291 haina sababu ya kuonekana kutoka nje. Ikiwa ruta yako inaipokea kutoka popote, ifunge leo, uandike tarehe uliyoifunga.

Tuje sasa kwenye barua ya malalamiko. Siku moja fundi hupokea ujumbe kutoka kwa kampuni anayonunua intaneti kwake: anwani yako 198.51.100.7 ilitumika kujaribu kuingia kwenye seva ya watu tarehe fulani saa fulani, tupe maelezo. Nyuma ya anwani hiyo kuna makumi ya nyumba. Bila namba ya poti ya upande wa mtumaji hakuna awezaye kujibu, kwa sababu wakati ule ule watu wengi walikuwa wakitoka kwa anwani ile ile. Ndiyo sababu waraka wa RFC 6302 wa mwaka 2011 ulishauri seva ziandike poti ya mtumaji pamoja na anwani na wakati hadi sekunde. Kampuni za simu nazo zinakabiliwa na jambo hili kwa ukubwa zaidi, maana huwagawia wateja wengi anwani moja ya umma, na mwaka 2012 anwani zinazoanzia 100.64.0.0 zilitengwa kwa ajili ya mpangilio huo. Barua ikija bila poti, jibu la haki ni kuiomba. Fundi asikubali kumtaja mpangaji kwa kukisia.

Na hata poti ikiwepo, utaishia kwenye 10.5.0.87. Hiyo ni nani? Anwani za ndani hugawiwa na DHCP na huzunguka. Leo ni simu ya mpangaji wa chumba cha pili, kesho ni runinga ya wa chumba cha saba. Lazima rekodi ya ugawaji ihifadhiwe pamoja na logi, kwa saa zile zile.

Saa zenyewe ni mtihani. Ruta nyingi ndogo hazina betri ya saa. Stima ikipotea, na Makongeni hupotea, ruta huwaka ikiamini iko Januari 1970 mpaka ipate saa sahihi kutoka kwenye mtandao. Bila kuwekewa seva ya saa, ke.pool.ntp.org kwa mfano, itaandika logi za mwaka 1970 hadi utakapoigusa. Mfumo wa zamani wa syslog, ulioelezwa katika RFC 3164, hauandiki mwaka wala eneo la saa. Tazama tena mstari wetu wa kwanza, "Mar 14 02:14:07", ya mwaka gani? RFC 5424 ya mwaka 2009 ilirekebisha hilo, na mashine nyingi za Linux zinaiweza, ila sharti uiagize. Tena tuna yetu sisi wenyewe: saa 02:14 ya ruta ni saa nane na dakika kumi na nne usiku kwa kusema kwetu. Nimesoma daftari za kazi zilizoandika "saa 8 usiku" na msomaji akaenda kutafuta kwenye logi saa 20:00. Katika daftari andika saa 24 kama ruta inavyoandika, ukiongeza kwamba ni saa za Afrika Mashariki, mbele ya UTC kwa saa tatu. Ukizungumza na watu, sema saa nane.

Lipo pia ambalo logi ya pakiti haiwezi kulionyesha hata ikiwa imeandikwa kwa ukamilifu. Mwishoni mwa Julai 2023 jukwaa la serikali la eCitizen lilikwama, na waziri wa wakati huo, Eliud Owalo, akathibitisha kwamba lilikuwa limeshambuliwa. Watu walishindwa kupata huduma za pasipoti na leseni, na wengine kununua tokeni za umeme. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilijitapa kuhusika, na Oktoba 2024 Marekani ikatangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan. Mwezi mmoja kabla ya tukio la Kenya, Microsoft ilikuwa imeeleza jinsi kundi hilo lilivyoshambulia huduma zake kwa mafuriko ya maombi ya HTTP. Ombi la namna hiyo, likitazamwa kwenye ukuta wa moto, ni SYN ya kawaida kwenda poti 443, yenye urefu wa kawaida, na mazungumzo yanakamilika vizuri. Kila mstari peke yake ni wa mteja mwema. Ubaya uko kwenye wingi na kwenye kinachoombwa, na vyote viwili huonekana kwenye logi ya seva ya wavuti. Mwenye kutegemea ukuta wa moto peke yake angeandika kwamba siku zile palikuwa na biashara nzuri.

Kuhusu kuhifadhi: kwa mpangilio wa kiwandani MikroTik huweka mistari 1,000 kwenye kumbukumbu yake ya muda, na stima ikipotea imekwenda. Logi zitumwe kwenye kompyuta nyingine, hata ndogo, iliyo upande wa ndani. Syslog kwa kawaida husafiri kwa UDP poti 514, bila usiri na bila uhakika wa kufika, kwa hiyo isipitishwe kwenye intaneti ya wazi. Kila usiku faili ya siku ifungwe na ichukuliwe alama yake ya SHA-256, ili baadaye uweze kuonyesha kwamba haikuguswa. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinataka rekodi ya kielektroniki iambatane na cheti kinachoeleza jinsi ilivyotolewa na kifaa kilichoitoa, kikiwa na saini ya mwenye dhamana ya uendeshaji wa kifaa hicho. Mwenye dhamana hiyo kwenye ploti ni fundi. Asiye na daftari atatia saini kitu asichoweza kukieleza.

Lakini logi ni habari za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu kitambulisho cha mtandaoni miongoni mwa vinavyoweza kumtambulisha mtu, na inakataza kuhifadhi data binafsi kuliko muda unaohitajika. Inataka pia Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 tangu kufahamu kwamba data imevuja na kuna hatari ya kweli ya madhara kwa wahusika. Kwa hiyo fundi aamue muda wa kuhifadhi, auandike pamoja na sababu yake, kisha afute kweli. Mwenye ploti akitaka kujua mpangaji wa chumba cha tano anatembelea tovuti gani, jibu ni hapana.

Daftari lenyewe halihitaji programu ya bei. Kila kanuni ipewe ukurasa au safu yake: namba, inafanya nini kwa Kiswahili cha kawaida, aliyeiomba, aliyeiweka, tarehe, sababu, mstari mmoja wa logi halisi uliozalishwa nayo, na tarehe ya kuipitia tena. Huo mstari halisi ndio watu wengi huusahau. Fundi anayekuja baadaye akiuona pamoja na maelezo yake, anajifunza kusoma logi kwa kanuni zile zile anazozisimamia. Soja wa getini huandika gari, namba, saa ya kuingia na nyumba inayokwenda, na hakuna mwenye ploti anayekubali kitabu kilichoandikwa "magari yalipita". Ruta inastahili angalau kiwango hicho.

Nguvu ya daftari si jambo geni. Agosti 1986 Clifford Stoll, mwanaastronomia aliyekuwa akisimamia kompyuta za maabara ya Lawrence Berkeley huko California, aliambiwa atafute kwa nini hesabu za matumizi zilipungua kwa senti 75. Akakuta mtu asiyejulikana ndani ya mfumo. Vyombo vya usalama havikuona uzito wa senti 75. Yeye alichapisha kila alichokiandika mgeni yule na kuweka daftari la kila siku, lenye saa, alichokiona, aliyempigia simu na alichojibiwa. Njia hiyo iliishia Hannover, kwa Markus Hess, aliyekuwa akiwauzia KGB alichokipata. Ruta za leo zinaandika mengi kuliko printa za Stoll. Lililomfikisha Hannover ni lile daftari, ambalo liliunganisha mstari wa leo na wa wiki tatu nyuma.

Kwa hiyo namwomba kila mwenye ploti Makongeni, Kiganjo na kwingineko Thika na Ruiru: fundi wako akija mara nyingine, mwambie akufungulie ruta, achague kanuni moja yoyote, akuonyeshe palipoandikwa iliwekwa na nani, lini na kwa nini. Aangalie pia saa ya ruta mbele yako. Asipoweza, mlipe siku moja ya kazi ya kuandika hayo yote, na daftari libaki kwenye jengo, siyo kwenye simu yake.